Tupeane uzoefu: anayeanza kutengeneza tovuti akileta kazi yake, unamkosoaje?

Wakuu, dogo akileta ukurasa wake wa kwanza wa HTML na CSS, huwa anajibiwa "safi sana, komaa" au "futa yote, jifunze React" (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa). Hapo haondoki na kitu. Mnaokagua kazi za namna hii, mnaanzia wapi? Mifano tafadhali.

Mdau wa kwanza
Anza na simu. Maandishi yakiwa madogo kama sisimizi, angalia kwenye head (sehemu ya juu ya faili la HTML): mara nyingi ule mstari wa viewport haupo, hivyo simu inaudhania ukurasa una upana wa pikseli 980 hivi, kisha inaubana. Aongeze `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`.

Ukurasa ukiteleza kulia na kushoto kwenye skrini ya pikseli 360, tafuta kisanduku chenye `width: 100%` na `padding: 20px` (nafasi ya ndani ya kisanduku). Ishirini kila upande zinaongezwa juu ya 360, kinafika 400. Dawa ni `box-sizing: border-box`, inayoihesabu padding ndani ya upana, lakini usimtupie dawa tu. Mpigie hiyo hesabu aione, kesho atakutana nayo kwenye kisanduku kingine na hutakuwepo.

Mdau wa pili
Naongezea picha. "Kwangu zinaonekana, kwenu hazionekani": ama anwani ya picha inaanza na `C:/Users`, ama faili linaitwa `Picha.JPG` na yeye kaandika `picha.jpg`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. GitHub Pages, wanakoweka tovuti zao mtandaoni, inajali. Na picha ya MB 4 kuonyeshwa kwa upana wa pikseli 400 ni kuwamalizia watu bando. Pikseli 800 zinatosha, tena kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi.

Mdau wa tatu
Mnamrundikia jamani. Makosa matatu kwa mzunguko mmoja, basi. Tangulizeni yanayomzuia mtumiaji, ya ladha yakae mwisho au yasisemwe kabisa.

Rangi nayo si ladha pale isiposomeka. "Rangi zako mbaya" haisaidii. Mwambie: kijivu `#999` juu ya nyeupe kina uwiano wa utofauti wa mwangaza wa 2.85 kwa 1, wakati WCAG (mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na wote, wakiwemo wenye ulemavu) inataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida, `#767676` inapita. Halafu mwambie aweke kipanya pembeni, atumie Tab. Kitufe alichokitengeneza kwa `div` kitarukwa, `button` haurukwi.

Sifa pia ziwe na anwani: "umetumia `nav` na `main`, kwa hiyo asiyeona anaweza kuruka menyu na kwenda kwenye maudhui." Hapo anajua cha kurudia.

Mleta mada
Na JavaScript? Wengi wanakwama kwenye "kitufe hakifanyi kazi".

Mdau wa kwanza
Usiguse msimbo wake. Abonyeze F12, afungue Console, akuletee maneno mekundu yalivyo. Ikiwa ni `Cannot read properties of null`, mwandikie hivi:

"Mstari wa 6: script yako iko kwenye head, inakimbia kabla kivinjari hakijakifikia kitufe, ndiyo maana `getElementById` inarudisha null, yaani haijapata kitu. Jaribu kuongeza `defer` ili script isubiri ukurasa usomwe wote. Ikigoma, linganisha id ya kwenye HTML na ya kwenye JavaScript, herufi kwa herufi."

Sentensi tatu tu. React asubiri.