Kadi 5 mkononi: mchoro wa mti au nCr?

Njeri_Umoja: Wadau, pakiti ya kadi 52 imechanganywa vizuri, unagawiwa 5. Uwezekano wa kupata esi 2 kamili ni upi, na ni njia gani isiyomchanganya mwanafunzi?

hesabu_tu: nCr, yaani idadi ya njia za kuchagua vitu r kati ya n bila kujali mpangilio. Esi 2 kati ya 4 ni njia 6. Kadi 3 kati ya 48 zisizo esi ni njia 17,296. Zidisha upate 103,776, kisha gawa kwa 52C5, yaani 2,598,960. Jibu ni 0.0399.

Otieno_K: Mti pia unafika, yaani kufuata kadi moja baada ya nyingine na kuzidisha uwezekano wa kila hatua. 4/52 × 3/51 × 48/50 × 47/49 × 46/48 ni 0.00399, lakini huo ni mpangilio mmoja tu: esi, esi, kisha zingine tatu. Esi mbili hukaa katika nafasi tano kwa njia 10, kwa hivyo zidisha kwa 10. Wengi husahau hiyo 10. Mimi mti nautumia kwa kadi 2 au 3, au swali likitaja mpangilio: ya kwanza esi, ya pili mfalme, 4/52 × 4/51, basi. Hapo nCr ni kujisumbua bure.

hesabu_tu: Kweli kaka. Ila nCr nayo ina mtego wake kwenye "angalau esi 1". Mtu anachagua esi moja, anajaza nne zozote: 4 × 51C4, anagawa, anapata 0.3846. Si kweli. Mkono wenye esi ya kopa na esi ya uru umehesabiwa mara mbili, kila esi ikipewa zamu ya kuwa "ile iliyochaguliwa". Wenye esi tatu, mara tatu. Toa mikono isiyo na esi kabisa: 1 − 1,712,304/2,598,960 = 0.3412.

Mama_Takwimu: Kabla ya yote, hesabuni pakiti. Wanaocheza poka mtaani huacha kadi mbili za joka (joker) ndani, sasa ni kadi 54. Zisizo esi ni 50: 6 × 19,600 ÷ 3,162,510 = 0.0372.

Njeri_Umoja: Asanteni. Na angalau esi 2, kwa pakiti ya 52?

Otieno_K: Toa sifuri, toa moja: 1 − 0.6588 − 0.2995 = 0.0417. Hiyo 0.2995 ni 4 × 48C4 juu ya 52C5. Kwa swali hili sichori mti.