Hivi bondia wa uzito wa juu anaogopwa kwa lipi hasa?

lumbesa_uyole:
Wakuu habari za baridi. Jana usiku tulikuwa banda umiza hapa Mwanjelwa tunaangalia marudio ya pambano la Usyk na Dubois, lile la Wembley Julai 2025, tukabishana mpaka mwenye banda akatishia kuzima tv. Nina jamaa yangu ni kuli soko la viazi Uyole, mtu kilo 118, anapandisha lumbesa kwenye fuso kama anapandisha mto wa kulalia. Yeye anasema bondia wa uzito wa juu anaogopwa kwa mwili tu, mengine yote ni stori za watangazaji, ukisimamishwa mbele ya mtu wa mita mbili na kilo 130 utatetemeka hata kama huyo mtu ni mwalimu wa kwaya. Nikamwambia mbona Usyk ana kilo kama 103 na kawapiga wote, Joshua mara mbili, Fury mara mbili, Dubois mara mbili? Akanijibu Usyk haogopwi, Usyk anashinda, hivyo ni vitu viwili. Hapo nikakosa la kusema aisee.

Sasa nyie mnaojua masumbwi, ni nini hasa? Macho? Uzito wa ngumi? Rekodi? Maana kama ni mdomo basi bondia wetu Mandonga angekuwa na mikanda yote mpaka ya suruali 😂

kihesa_juu:
Kamwene mkuu. Muulize huyo wa lumbesa kama anamjua Valuev. Mrusi, mita 2.13, siku anapigana na David Haye kule Nuremberg 2009 alikuwa na kilo zaidi ya 140, katika mabingwa wote wa uzito wa juu hajatokea mrefu wala mzito kama yeye. Haye alikuwa hafiki hata kilo 100. Kamzunguka raundi 12, anachoma anatoka, anachoma anatoka, akaondoka na mkanda kwa pointi. Na ukitaja mabondia waliotisha duniani nani anamtaja Valuev? Ni kama mlima Rungwe, mkubwa kweli lakini barabara ya Tukuyu inauzunguka tu watu wanaenda zao.

Halafu njoo kwa Tyson. Sentimita 178, huyo ukimweka stendi ya Ipogolo ni mtu wa kawaida tu. Lakini Michael Spinks alipanda ulingoni 1988 hajawahi kupigwa maishani, kashinda 31 kapoteza sifuri, akakaa sekunde 91. Tizameni sura ya Spinks anavyotembea kuja ulingoni, kengele bado lakini mtu keshaanza kupigwa. Kwa hiyo mwili hapana.

ndaga_fijo:
Tyson ni ngumi mzee. Ngumi inatisha. Basi.

kihesa_juu:
@ndaga_fijo Earnie Shavers je? Huyo kila aliyepigana naye anasema hakuna ngumi nzito kama ile, na Muhammad Ali alikaa naye raundi 15 mwaka 1977, na Larry Holmes aliangushwa naye 1979 akanyanyuka akammaliza. Watu waliheshimu ile ngumi ila walipanda wakiwa na mpango. Sio sawa na Spinks.

mzee_wa_kona:
Wajukuu, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjatoa. Nimecheza ngumi za ridhaa hapa Mbeya enzi hizo glovu moja inavaliwa na watu wanne kwa zamu, jasho la mwenzio ndo linakupasha joto mkono, kwa hiyo niruhusuni niandike kirefu.

Huyo kuli hajakosea sana. Watu wa ngumi wenyewe wanajua mwili unatisha, ndo maana Sonny Liston alikuwa anajaza mataulo ndani ya joho lake ili aonekane mpana zaidi, na hapo ni mtu ambaye ngumi zake tayari zilikuwa kubwa kama maboga. Anakutazama wakati refa anatoa maelekezo, hapepesi. Floyd Patterson alikuwa bingwa wa dunia, siyo mtu wa mchezo, lakini 1962 alivyoenda Chicago kupigana na Liston alibeba ndevu za bandia kwenye begi. Ndevu! Ili akipigwa ajifiche asijulikane wakati wa kutoka. Akapigwa raundi ya kwanza, akazivaa ndevu zake akaondoka. Wakarudiana mwaka uliofuata, raundi ya kwanza tena. Sasa niambieni, zile ndevu alizipaki kwa sababu ya taulo? Alizipaki nyumbani kwake, Liston hayupo hata chumbani.

Tyson yeye akafanya kinyume. Hana joho, hana soksi, viatu vyeusi bukta nyeusi, taulo limetobolewa katikati likapitishwa kichwani. Liston anaongeza, Tyson anapunguza, na wote wawili ujumbe ni uleule, kwamba mimi nimekuja kazini na kazi yenyewe fupi.

Sasa niwape ya kwangu. Nilikuwa uzito wa kati, na kambini kulikuwa na jamaa mmoja wa uzito wa juu hana wa kufanya naye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, kocha ananisukuma mimi, mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya ambayo ukiguswa pua unahisi imebaki kwenye glovu ya mwenzio. Nikasema sawa, mi mwepesi, nitamchezesha. Dakika ya kwanza nikampata na mkono wa kulia, safi kabisa kwenye taya, ule ambao ukiupiga unausikia mpaka kwenye bega lako mwenyewe. Watu waliolala kwa mkono ule ninao kadhaa. Jamaa hakukasirika, hakucheka, hakutikisa kichwa kunionyesha kwamba haikuuma (akitikisa kichwa ujue imeuma hiyo). Alijifuta pua kwa kidole gumba cha glovu akasogea nusu hatua. Nusu tu. Nikaenda kushoto, kakanyaga kushoto. Nikaenda kulia, yupo. Hanifukuzi, ananifungia milango mmoja mmoja, na pumzi yake naisikia iko sawasawa kama mtu amekaa kibarazani. Ulingo uleule niliouzoea ukawa mdogo kama stoo. Hata hajanipiga bado na mikono yangu imeshakuwa mizito, nimesahau jabu, ile ngumi ya kuchoma ya mkono wa mbele, nimesahau kila kitu. Ikaja moja ya mbavu nikakaa chini mwenyewe kwa adabu.

Ndo jibu langu hilo. Kinachotisha ni kumpa mtu kitu chako kizuri kuliko vyote halafu kisimbadilishe, na yeye anaendelea kukata ulingo. Hapo huogopi kupigwa tena, unaogopa kwa sababu umeishiwa. George Foreman ndo alikuwa hivyo. Nendeni mkamtazame na Joe Frazier pale Kingston, Jamaika, Januari 1973. Frazier bingwa, hajapigwa na mtu, aliyemwangusha Ali, kaangushwa mara sita ndani ya raundi mbili. Kila akitoka kona anamkuta Foreman kashafika.

binti_wa_rungwe:
Mzee shikamoo kwanza 🙏 hapo kwenye "nikakaa chini mwenyewe kwa adabu" nimecheka mpaka mteja kanishangaa dukani.

Ila naongezea, huyohuyo Foreman alikuja kusimulia mwenyewe kwamba wakati anatazamana na Frazier siku ile magoti yalikuwa yanagongana, akawa anaomba Frazier asiangalie chini. Yaani anayetisha na yeye anaogopa! Kwa hiyo mi naona mtisho mwingi unatengenezwa na yule anayetishwa. Ndo maana unavunjika siku anakuja mtu mwenye shughuli zake nyingine kichwani. Buster Douglas alimzika mama yake wiki chache tu kabla ya kwenda Tokyo, Februari 1990, huyo Tyson angemwongezea nini? Akamjabu jabu, mkono mrefu, aliangushwa raundi ya nane akaamka, ya kumi Tyson yuko chini anatafuta kilinda meno sakafuni. Na baada ya hapo wote waliofuata walishajua kumbe anaangukaga.

mzee_wa_kona:
@binti_wa_rungwe marahaba mama. Umenipiga ya mbavu hapo, nakubali nusu. Foreman kwenda Kinshasa 1974 kupigana na Ali alikuwa kashinda 40 kapoteza sifuri, 37 kwa KO yaani kumlaza mtu, na Ali alikuwa na hofu naye, mi siamini wanaosema hakuwa nayo. Ila alipigwa mbavu na mikono amejilaza kwenye kamba raundi baada ya raundi, na bado akawa anaongea. Safari hii ni Foreman aliyetoa vyote na mwenzake habadiliki. Raundi ya nane Foreman kwisha. Kwa hiyo dawa ni ileile, imebadilisha mikono tu.

kihesa_juu:
Na Wilder na Fury Los Angeles 2018 ni hivyohivyo. Wilder alikuwa mwepesi kwa Fury karibu kilo 20 lakini yeye ndo aliyekuwa anaogopwa, kila aliyemgusa alilala. Raundi ya 12 Fury kaenda chini chali, Wilder anashangilia keshamaliza, refa anahesabu, jamaa akanyanyuka. Angalia macho ya Wilder pale. Waliporudiana 2020 hakuwa yule tena.

boda_kabwe:
Samahani nje ya mada kidogo, pambano lijalo Kabwe wanaonyesha wapi? La Riyadh muda ni sawa na wetu eti? Nisije nikakesha bure kama lile la Las Vegas, nimelinda tv mpaka watu wanaenda kanisani

lumbesa_uyole:
Nimemsomea jamaa uzi wote leo asubuhi akiwa anasubiri gari la viazi. Kwenye Valuev akanyamaza. Kwenye magoti ya Foreman akasema muongo huyo. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "zile ndevu alinunua wapi?"

Mzee wa kona, kuna gym bado inafanya kazi maeneo ya Mafiati au Soweto? Anasema anataka kuja kujaribu raundi moja. Mi nitakuja kutazama tu.