Naomba ushauri: nina ree mbili, jamaa anapandisha dau kila mara

KusiniKwetu: Wakuu, habari za usiku. Nipo Mtwara, Chikongola. Tunacheza poka kwa jamaa, watu sita, kila mtu karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Jumamosi nilishika ree mbili, karata kubwa kuliko zote, ya kopa na ya shupaza. Kuna mmoja hupandisha dau kila mkono, hata akiwa na takataka. Akapandisha, nikafuata kimyakimya nisimshtue. Wengine watatu nao wakaingia. Nikapigwa. Nikizipata tena Jumamosi hii, nipandishe au nifuate?

Bandarini: Ukimya ndio uliokuponza. Mtu wa pupa mwache apandishe, kisha pandisha mara tatu juu yake kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Mkibaki wawili, ree mbili hushinda kama mara 85 kwa 100 dhidi ya karata zozote. Mkiwa watano, ni 56 hivi. Na zenyewe huja mara moja katika mikono 221, usizingoje Jumamosi.

Mama Salfa: Mdogo wangu, marehemu mume wangu alianza na bao la kuwekeana chai. Ikafika akacheza hela ya salfa, dawa ya mikorosho. Ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua yote, tukaokota korosho za kujaza ndoo tu. Hizo hela ni zako?

KusiniKwetu: Dada, nimeuliza karata.

Bandarini: Jibu, mkuu. Ukicheza hela usiyoweza kuipoteza, utafuata kwa woga kila siku.

KusiniKwetu: Ni za mama. Malipo ya mnada wa korosho yalipitia akaunti yangu, yeye hana. Laki nane. Zimebaki mbili na nusu, na moja nimeshampa mwenye nyumba anishikie kiti. Sijaiba, nitarudisha. Jamaa alibahatisha tu, karata tano zote kopa, kubwa yake ree.

Pweza wa Mikindani: Ngoja. Ree ya kopa si ulikuwa nayo wewe? Umetunga hii.

Nangurukuru: Karata 53 badala ya 52! Hata mimi ningeshinda, hahaha.

KusiniKwetu: Wallahi sijatunga. Ya kopa nilikuwa nayo, naiona mpaka sasa, ina kona iliyokunjika.

Bandarini: Basi ree za kopa zilikuwepo mbili. Pakiti huleta nani?

KusiniKwetu: Yeye.

Mama Salfa: Kadai hiyo laki ya kiti asubuhi, halafu nenda kwa mama.

KusiniKwetu: Lakini nikienda na pakiti yangu mwenyewe?