Naomba ushauri: umri wa bibi umekosewa kwenye kitambulisho

Habari zenu wanakikundi. Niko Busia, upande wa Uganda. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Bibi yangu amepita miaka 80. Alizaliwa 1942, lakini kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa 1952. Siku ya kuandikishwa walimkadiria tu, naye hajui kusoma, kwa hiyo hakugundua. Sasa ile ruzuku ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi, haipati, kwa sababu kwenye kitambulisho anaonekana hajafikisha umri unaotakiwa. Kwa wengine ni hela ndogo. Kwake ni sabuni, chumvi na dawa ya presha.

Tulipeleka barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwenye ofisi ya vitambulisho, ikakataliwa. Wanataka cheti cha ubatizo au cha shule. Shule hakwenda, na kanisa alilobatizwa halina tena daftari la miaka hiyo. Nimempeleka kwa boda mara mbili, kila mara anarudi miguu imevimba. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na kosa kama hilohilo, akarekebishiwa kwa sababu vyeti vyake vyote vipo. Hapo ndipo ninapoumia sana: asiyejua kusoma ndiye anayedaiwa karatasi asizoweza kuwa nazo.

Je, hati ya kiapo ya wakili pamoja na mashahidi wa rika lake inakubaliwa badala ya cheti? Na kuna yeyote aliyefaulu kuomba maafisa wamfuate mzee nyumbani? Alianzia wapi?

Asanteni sana.