Kanuni za mikopo ni zetu, kwa nini ziandikwe kwa lugha tusiyoisoma?

Wakuu, nina hasira na leo nasema.

Mimi ni afisa mikopo kwenye saccos moja. Kanuni yetu hata mwanachama mpya anaijua: ukitimiza miezi 6, unakopa hadi mara 3 ya akiba zako. Wiki iliyopita alikuja mama ana akiba ya 1,200,000 na miezi 6 kamili, anaomba 3,600,000 za mtaji. Mfumo ukamkatalia. Akaondoka kanuna, nami sikuwa na la kumjibu.

Nikawabana waliotutengenezea mfumo. Kanuni zetu wameziandika kwa Drools, programu ya kuendeshea kanuni ambayo ina lugha yake ya kuziandikia. Siku 3 nazungushwa, ndipo wakanionyesha mstari wenyewe: Mwanachama( miezi > 6 ). Zaidi ya 6! Ilitakiwa iwe >= 6. Nilipouliza kwa nini hatukuonyeshwa mapema, kijana akajibu, "Msingeielewa." Sasa kama mwenye kanuni haielewi, nani ataikagua?

Na si alama tu. Kwenye Drools, kanuni 2 zikimgusa mtu mmoja, zote zinaweza kufanya kazi, na huwezi kutegemea kwamba ya juu ndiyo itatangulia, mpaka uziwekee vipaumbele. Afisa mikopo atayajulia wapi hayo?

Na kumbe kuna DMN, kiwango cha kuandika kanuni za maamuzi, ipo tangu 2015. Kanuni zinakaa kwenye jedwali: safu ya miezi, safu ya akiba, mwisho jibu. Herufi ya pembeni inasema kanuni zikigongana ifanyikeje: U, mstari mmoja tu ndio ukubali, F, wa kwanza kukubali ndio unaoshika. Nilichora kanuni yetu hivyo kwenye karatasi, kama walivyoiandika wao, nikampa mwenyekiti wa kamati ya mikopo, mzee ambaye hajawahi kuona programu inavyoandikwa. Akaweka kidole: "Chini ya 6 hii hapa, zaidi ya 6 hii hapa. Sita yenyewe iko wapi?" Hata dakika haikuisha.

Najua jedwali lina shida zake, masharti yakizidi linakuwa refu kama mkeka. Wengine watasema tuandike sentensi za kawaida. Tulijaribu: "awe na wadhamini 2 au hati ya kiwanja na barua ya mwajiri." Barua ni ya wote, au ya mwenye hati tu? Kamati ilibishana nusu saa.

Nimeiandikia bodi: awamu ya mwisho isilipwe hadi kanuni zote ziwe kwenye jedwali tunalolisoma wenyewe. Aliyewahi kuwabana watengenezaji kwa hili, mkatabani mliandikaje?