Mrejesho: kalamu ya unyoya wa bata bukini

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kalamu ya unyoya inajikunja ncha na kumwaga wino. Kumbe bua, yaani ule mrija wa unyoya unaochongwa ncha, lazima likomazwe kwanza. Loweka usiku kucha, kisha chomeka kitako kwenye mchanga wa moto. Huu wa ufukweni hapa Mwanza unafaa, mradi uchekechwe na ukauke kabisa. Bua likianza kupenyeza mwanga, litoe. Likizidi moto linafanya malengelenge na kupasuka kisu kikigusa. Kwangua utando wa ndani, maana ndio unaozuia wino. Mpasuo wa ncha, ule mkato unaopitisha wino, usizidi milimita 6: ukiwa mrefu, ncha inatanuka na wino unamwagika. Anayeandikia mkono wa kulia achague manyoya ya bawa la kushoto, yale makubwa ya mwisho wa bawa.