Nina veranda ya hatua nne tu: magunia ya mboga yatanilipa kweli?

Mama Faiza, Kawempe

Assalaam alaikum na habari zenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Koboko, lakini mwaka huu natimiza miaka sita hapa Kawempe, Kampala. Tumepanga muzigo, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, na mbele yake kuna kiveranda nilichokipima kwa miguu: hatua nne kwa mbili. Jua linafika pale kuanzia saa tatu asubuhi mpaka kama saa tisa. Mume wangu ni askari wa ulinzi wa usiku, mimi nakaanga chapati asubuhi kando ya barabara. Tuna watoto watatu.

Mwezi uliopita niliamua kuandika kila shilingi inayotoka, kwenye kurasa za nyuma za daftari la mwanangu. Mboga za majani peke yake, yaani dodo (mchicha), nakati na sukuma, zilikula 21,000. Makaa ya chakula cha nyumbani, mbali na yale ya biashara, 54,000. Nilipojumlisha nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu siku zote nilidhani kodi ndiyo inayotumaliza.

Kupanda nimejaribu mara moja. Nilinunua mbegu za sukuma katika duka moja mjini, nikazitia kwenye karai lililotoboka, nikamwagilia siku ishirini. Zikaota tatu, zikawa njano, zikafa. Udongo niliuchota kando ya mtaro. Maji hapa tunanunua, jerikeni 300. Naomba mwenye uzoefu aniambie ukweli: kwa nafasi kama yangu niendelee, au nitafute njia nyingine ya kubana matumizi?

Baba Junior, Busia

Shemeji, piga hesabu kabla hujashika jembe. Wakati wa kiangazi gunia moja linakunywa kama lita tano kwa siku. Magunia manne ni jerikeni nzima, yaani 300 kila siku, 9,000 kwa mwezi, na hapo bado samadi, mbegu na gunia lenyewe. Kama fungu la mboga ni 1,000, basi mafungu tisa ya kwanza unamlimia mwenye bomba.

Mimi nilipanda nyanya nyuma ya duka langu mwezi wa Mei, mvua inanyesha kila siku. Majani yakaanza madoa meusi, wiki mbili shina zima limekauka, na matunda bado mabichi. Sikurudia tena.

Siku hizi nanunua kwa jumla pamoja na majirani wawili. Maharage tunayachukua wakati wa mavuno, mwezi wa sita na wa saba, halafu tena Desemba, bei ikiwa chini. Tunayaanika siku mbili, tunayafunga, kila mtu anabeba sehemu yake. Kwako wewe naona adui ni makaa. Anza na hayo, mboga zitafuata.

Mama Zaitun, Bombo

Mwanangu Mama Faiza, pole kwa hiyo sukuma yako. Na wewe Baba Junior, hesabu yako ni ya kweli, ila umelinywesha gunia maji safi ya bomba, na hapo ndipo faida inapopotea.

Niliishi kambini miaka kumi na tisa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanajeshi. Chumba chetu kilikuwa kidogo kuliko chako, na nililea watoto watano ndani yake. Dodo nilikuwa nainunua Januari na Februari tu, jua likiwa kali. Shamba sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni tabia ya kusimama mlangoni kabla sijamwaga kitu, nikajiuliza kama kweli nimemaliza kazi nacho.

Chukua maji. Kuna ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea maharage, na yale ya kusuuzia vyombo mara ya mwisho. Yakusanye ndoo moja mpaka jioni. Nyumba ya watu watano haikosi lita kumi, na hizo ndizo lita za magunia mawili. Ya kufulia yenye povu jingi usiyaguse, na yenye dawa ya kung'arisha nguo ndiyo mabaya kabisa, yanaunguza mizizi. Kwa hiyo anza na magunia mawili. Manne yatakutoa machozi.

Udongo wa mtaroni usiurudie tena, hata kwa ua la mapambo. Mitaro ya mjini inabeba mafuta ya gereji, kinyesi na maji ya betri kuukuu. Madini ya risasi yaliyomo kwenye betri yanakaa udongoni miaka na miaka, mtoto anaweza kuyala pamoja na mboga, na jani utaliona zuri tu. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona akina mama wakilima palepale mtaroni wakidhani weusi wa ule udongo ndio rutuba. Tafuta mtu anayechimba msingi wa nyumba upande wa Matugga, mwombe ule udongo wa juu kabla hajafika kwenye mwekundu. Wengi wanatoa bure ukija na magunia yako.

Samadi waombe wafuga kuku au mbuzi wa mtaani, wengi hawana pa kuitupa. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza, irundike miezi miwili au mitatu mpaka harufu kali iishe. Changanya makarai mawili ya udongo, moja la samadi, nusu ya mchanga.

Sasa kujaza, nalo wengi wanakosea. Usimwage tu udongo ndani ukafunga. Chukua kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, likate mdomo na kitako libaki wazi pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, halafu mimina udongo kulizunguka na uushindilie kwa mkono. Kisha livute kopo juu. Litakugomea mwanzoni. Lizungushe kidogo kulia, kidogo kushoto, huku unavuta, na utasikia kokoto zinashuka na kukaa. Rudia hivyo mpaka ufike juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe ndani ya gunia kutoka chini hadi mdomoni, na maji yako unayamimina kwenye hiyo nguzo. Mimi gunia langu la kwanza halikuwa nayo. Juu palikuwa tope, na siku nilipolipasua, chini palikuwa vumbi kavu kama siku nililolijaza.

Ubavuni toboa kwa kisu vitundu vidogo, kutoka tundu hadi tundu shubiri moja, safu ya juu isiangaliane na ya chini. Humo ndimo miche ya sukuma inakaa. Juu mwaga dodo. Dodo wiki ya nne unakula. Sukuma utangoja kama wiki tano au sita tangu uhamishe miche, halafu chuma ya chini tu na ubakishe majani matano ya juu, itakulisha miezi. Nakati ni ya subira, miezi miwili, lakini ukiikata bila kuing'oa inachipua.

Kuhusu mbegu zilizokataa: angalia tarehe kwenye pakiti kabla hujalipa. Na kabla ya kupanda, hesabu kumi, ziviringe kwenye kitambaa kibichi, weka mahali penye joto siku tano. Zikiota saba au zaidi, panda. Zikiota tatu, rudisha pakiti dukani bila aibu. Dodo utanunua mara moja tu, acha shina moja lizae, ukilikung'uta juu ya gazeti unapata mbegu za mtaa mzima.

Kila asubuhi kabla ya chapati zako, geuza jani moja changa la sukuma. Ukikuta unga wa kijivu umejibana kwenye mkunjo, hao ni vidukari. Wasugue kwa kidole, nyunyiza maji, halafu pitisha jivu la sigiri lililochekechwa. Ukiwakuta wakiwa kumi ni kazi ya dakika moja. Ukiwaacha wiki, ng'oa shina.

Na makaa, Baba Junior amesema kweli. Mama Faiza, maharage unayapikaje? Kama unayaweka motoni kwa muda wa saa mbili na zaidi, hapo ndipo pesa inapoungua. Loweka usiku. Asubuhi sigiri ya chapati ikiwa bado na moto, bandika sufuria, itokote kwa nguvu nusu saa nzima, kifuniko juu. Usipunguze hiyo nusu saa, maharage mekundu yasiyotokota sawasawa yanaumiza tumbo vibaya. Kisha uwe na kikapu kikubwa ulichokitandika blanketi kuukuu na majani makavu ya mgomba. Ingiza sufuria inachemka vilevile, bila kuifunua, funika kwa mto uliojazwa nguo mbovu, uende zako. Anayejua matoke anajua jani la mgomba linavyotunza moto. Saa saba mchana ukifunua, mvuke unakupiga usoni na maharage yanapondeka kwa vidole. Yarudishe motoni yachemke kidogo pamoja na kitunguu, mle. Wali nao unaiva humo. Kwangu debe la makaa la siku moja likaanza kufika siku ya pili jioni.

Mwalimu Mstaafu, Arua

Nashukuru kwa somo hili, Mama Zaitun. Naongeza mawili.

Kwanza, huku kwetu kiangazi ni kirefu kuliko kwenu, kuanzia Desemba mpaka Machi hatuoni mvua ya maana. Kwa hiyo mwezi wa kumi mke wangu anakausha majani ya kunde. Anayachovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, anayatandaza kivulini juu ya mkeka, si juani, maana jua kali linaondoa vitamini A na rangi. Yakikatika kwa mlio, yanaingia kwenye chungu kikavu chenye kifuniko. Januari yanapikwa na karanga za kusaga. Nyumba nzima tunayangojea.

Pili, gunia moja liwe la viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Aina inayoitwa Kabode, au NASPOT 10, ilitolewa 2007 na watafiti wetu wa Namulonge. Mmoja wa waliovishughulikia, Dkt. Robert Mwanga, Mganda, alipewa pamoja na wenzake watatu Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya aina hiyo. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, kwa sababu ni jambo kubwa lililotoka kwenye kiazi. Mtoto anapata vitamini A ya macho, na majani yake, matembele, ni mboga wakati kiazi bado kinakua. Omba vikonyo kwa mtu mwenye shamba safi, visiwe na majani yaliyojikunja.

Kuhusu makaa, Mama Faiza, mimi nipo huku yanakotoka. Mei 2023 Rais alipiga marufuku makaa ya biashara kaskazini, na bado usiku tunasikia malori. Mti wa shea unachukua miaka mingi kabla haujazaa, na unaanguka asubuhi moja kwa ajili ya makaa. Kwa hiyo kikapu cha Mama Zaitun kikikupunguzia debe moja, na sisi huku umetusaidia.

Mama Faiza, Kawempe

Nimesoma yote mara mbili na nikamsomea mume wangu aliporudi kazini asubuhi. Amesema kikapu atakishona yeye. Jana nilijaribu maharage kwa kutumia boksi la kandambili na blanketi la mtoto, saa nane nikafunua, yameiva isipokuwa machache ya juu. Nadhani kifuniko hakikubana. Makaa ya jana yamebaki nusu debe, nimeyaona kwa macho yangu.

Magunia mawili nimepata, ya sukari, kwa 1,000 kila moja. Udongo Jumapili. Nimemweleza mama mwenye nyumba nikiogopa atakataa, naye akasema verandani sitaki tope, lakini nyuma ya choo ukutani pana nafasi na jua, weka hata sita. Nifanyeje? Sitaki kumuudhi.

Mama Zaitun, Bombo

Hapana, mwanangu, nyuma ya choo usiweke. Shimo likijaa wakati wa mvua linavuja upande huo, na watoto watakuwa wanachuma huko kwa mikono. Mwambie mama mwenye nyumba kwamba chini ya kila gunia utaweka karai bovu la kukinga maji, tope lisiguse sakafu yake. Halafu mpe fungu la kwanza la dodo kabla wewe hujapika lako. Mimi mama mwenye nyumba wangu alikataa wiki tatu, wiki ya nne akaniuliza kama naweza kumjazia gunia na yeye.

Boksi la kandambili lina matundu pembeni, ndiyo maana yale ya juu hayakuiva. Ziba kwa gazeti.